Hewa Isiyo na Mlinzi: Bilauri Mbili Mwakitolyo

Ziwekwe bilauri mbili juu ya meza moja hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Ya kwanza ina mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, wa zabibu za Chenin Blanc, uliokaa dukani chini ya bati kiangazi baada ya kiangazi, chupa ikiwa wima na kizibo kikikauka. Ya pili ina Madeira, mvinyo mkavu wa kisiwa cha jina hilo, wa zabibu za Sercial, uliozeeka ndani ya pipa zaidi ya miaka 10. Zote mbili zimepitiwa na joto na hewa, na zote zina rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Hata hivyo, moja imeharibika na nyingine imekamilika.

Rangi haitoi hukumu, kwani mvinyo mweupe wowote ukikutana na oksijeni hupiga weusi. Mchimbaji wa hapa hanunui jiwe kwa kung'aa kwake. Hulipeleka kwenye karasha, akaosha unga wake kwenye karai, akatazama kilichotua chini. Mvinyo nao tuupime kwa kinachobaki.

Puani, bilauri ya kwanza ina tufaa lililokatwa likasahaulika, kisha siki, na habari imeisha. Harufu hiyo ya tufaa ni ya asetaldehaidi, inayozaliwa kilevi kikikutana na oksijeni. Madeira nao unayo, ila kwake huo ni utangulizi tu. Hufuata sukari iliyoungua, ganda kavu la chungwa, halafu uwatu. Uwatu huo si njozi ya mnywaji: sotoloni, kemikali inayoupa uwatu harufu yake, hujijenga pia ndani ya mvinyo uliozeeshwa kwa hewa. Harufu zinapokezana, wala hakuna inayoifuta iliyotangulia. Hapo ndipo umbo la mvinyo huo linapoanza kuonekana.

Mdomoni tofauti inakuwa wazi zaidi. Mvinyo wa dukani unaanza kwa uchachu, unaporomoka katikati, unaishia kwenye uchungu mfupi. Tunda limeondoka na hakuna kilichochukua nafasi yake. Madeira unaingia kwa uchachu mkali, unatanuka, kisha uchachu uleule unarudi mwishoni kuusafisha ulimi, na ladha inabaki muda mrefu baada ya kumeza.

Je, joto ndilo lililokosea? La. Kisiwani Madeira mapipa huwekwa darini makusudi, chini ya paa linalopata jua. Mvinyo wa bei nafuu hupashwa nyuzi 45 hadi 50 kwa angalau miezi mitatu. Lakini kwanza huongezewa spiriti, kilevi kikafika kati ya asilimia 17 na 22, kiwango ambacho bakteria wa siki hawakiwezi. Tena Sercial huja na uchachu wa kutosha kuhimili miaka. Huko Jura, Ufaransa, mvinyo uitwao vin jaune hauongezewi spiriti. Hukaa ndani ya pipa zaidi ya miaka 6 bila kujaziwa, huku utando wa hamira juu yake ukipunguza hewa inayoufikia mvinyo. Njia ni mbalimbali, lakini kila mahali hewa imewekewa mlinzi. Chupa ya dukani haikuwa na mlinzi wowote.

Kosa basi si la zabibu wala la Dodoma. Chenin Blanc hiyohiyo, katika bonde la Loire, hutoa mvinyo unaodumu miongo kadhaa. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka na jua halina uhaba. Mtengenezaji atakayevuna mapema kulinda uchachu, akaongeza spiriti na kutenga mapipa machache chini ya bati, ataanza na malighafi inayofaa. Chupa ya leo haikutungwa kwa safari hiyo. Ilitungwa inywewe ikiwa changa, na kuisifu kwa umri wake ni kuisoma kinyume. Kwa hiyo mnunuzi wa Mwakitolyo atazame mwaka wa mavuno, aikwepe chupa iliyopangwa dirishani kwenye jua, na atakayoinunua ainywe kabla msimu mwingine haujapita.