Mwiko, Sufuria na Mkono Mmoja

Ugali hausongwi kwa mkono mmoja. Anayebisha na ajaribu jioni hii: maji yachemke, unga uingie, mkono mmoja uende mgongoni, mwingine ushike mwiko. Mizunguko ya kwanza itakwenda vizuri, maana bado ni uji. Ukianza kukaza tu, sufuria itaanza kuufuata mwiko. Itazunguka juu ya jiko, itainama upande, na kama ni jiko la mafiga si ajabu chakula cha watu kikaishia majivuni.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaanzia hapo hapo, penye sufuria inayozunguka. Tuseme aliyeketi mbele yake ni mama wa miaka 50 aliyepata kiharusi miezi mitatu iliyopita, na mkono wa kulia umebaki mzito. Daktari ameshaituliza presha. Mtu wa fiziotherapia amemsimamisha na kumtembeza. Mama amerudi nyumbani kwa miguu yake, watu wamekuja kumpa pole, wameondoka, na sasa kumekucha na hawezi kupika.

Kwa macho ya kawaida, kusonga ugali ni kazi moja. Kwa macho ya mtaalamu huyu ni mkeka wa kufumuliwa ukindu kwa ukindu. Kuna kupima maji. Kuna kuibeba sufuria iliyojaa hadi jikoni, kuwasha moto, kufungua mfuko wa unga, kutambua kwamba maji yamechemka, kumimina unga kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga, kushikilia sufuria huku unasonga, kujua kwamba umeiva, kuipua, kupakua. Kila ukindu una deni lake. Kubeba kunadai bega na usawa wa mwili. Kumimina kunadai mikono miwili ifanye mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Kuipua kunadai vidole vinavyosikia moto, na hapa ndipo mtaalamu mzoefu anapotupia jicho kabla ya kwingine kote, kwa sababu kiharusi kinaweza kuua hisia pamoja na nguvu. Mkono usiosikia moto unaweza kulala kwenye ukingo wa sufuria mpaka ngozi ibabuke, na mwenyewe yuko kwenye mazungumzo.

Mkeka ukishafumuliwa, swali linakuwa dogo na linaloshikika: ni ukindu upi wa kubadilisha? Mama asibebe sufuria iliyojaa. Sufuria tupu itangulie jikoni, maji yafuate kwa kikombe. Unga uhamie kwenye kopo lenye mdomo mpana. Jiko lishushwe, apike ameketi, na sufuria ikae ndani ya fremu ya mbao yenye vigingi vinavyozuia mishikio yake isizunguke. Fundi seremala wa mtaani anaitengeneza fremu hiyo kwa vipande vya mbao alivyobakiza. Na ule mkono wa kulia? Hauachwi ukaning'inia. Kama una chembe ya nguvu, unawekwa juu ya mshikio uliofungwa kitambaa kinene, macho yakiulinda, ukandamize kadiri unavyoweza. Siku ya kwanza hautasaidia chochote. Lakini utakuwa kazini, na kuwa kazini ndiyo dozi yenyewe.

Jina la taaluma hii limeleta utata kila lilikopita. Tanzania husemwa tiba kwa vitendo, kwingine utasikia tibakazi, na neno hilo la pili limewafanya wengi wadhani ni huduma ya kumtafutia mgonjwa ajira. Kinachokusudiwa ni kila kinachomshughulisha mtu tangu anapoamka: kuoga, kuvaa, kuswali, kupika, kucheza, kulima, kuandika darasani. Mtoto wa miaka minne kazi yake ni kucheza, naye akishindwa kucheza ni mgonjwa wa taaluma hii.

Waliokiasisi chama cha kwanza cha taaluma hii walikutana Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, kwenye nyumba iliyoitwa Consolation House. Walikuwa sita. Mwenye nyumba, George Edward Barton, hakuwa daktari. Alikuwa msanifu majengo aliyepigwa na kifua kikuu, akapoteza vidole vya mguu wa kushoto, kisha upande wote wa kushoto ukapooza. Alijirudisha mwenyewe kwa bustani na karakana ya useremala, akauangalia mwili wake unavyoitikia kazi hii na kuikataa ile. Pamoja naye walikuwapo daktari wa akili William Rush Dunton, Eleanor Clarke Slagle aliyekwisha kufanya kazi na wagonjwa wa akili kwa kuwajengea ratiba ya siku nzima, mwalimu wa kazi za mikono Susan Cox Johnson, katibu wa Barton aliyeitwa Isabel Newton, na Thomas Kidner, naye pia msanifu majengo.

Wasanifu majengo wawili kati ya watu sita! Si jambo la kupita bila kulitazama. Msanifu amezoea kuuliza uzito wa paa unashukia ukuta gani na ukuta unaukabidhi msingi upi. Ukimpa mtu wa namna hiyo kitendo cha kuvaa shati, atauliza vilevile: uzito wote wa kitendo hiki umeegemea wapi?

Kisu cha kufumulia, hata hivyo, kilinolewa kwingine. Frank Gilbreth alianza maisha kama mwashi nchini Marekani, akaona kila fundi anainama, anapinda na kugeuza tofali kwa namna yake. Akavihesabu vitendo vya kulaza tofali moja, akavipunguza kutoka 18 hadi chini ya vitano, hasa kwa kuinua jukwaa la matofali ili fundi asiiname. Baadaye yeye na mkewe, Lillian, walifunga taa ndogo kwenye vidole vya wafanyakazi na kupiga picha za njia ambayo mkono unapita hewani. Vita Kuu ya Kwanza ilipomwaga vijana wasio na mikono wala miguu, mbinu hiyo waliielekeza kwao, na mwaka 1920 wakatoa kitabu kizima kuhusu namna ya kuchunguza miondoko kwa ajili ya walemavu.

Tiba kwa vitendo ilikiazima kisu hicho, ikakibadilishia kazi. Gilbreth alikuwa akipunguza miondoko ili tofali nyingi zaidi zilazwe kwa saa. Mtaalamu wa tiba wakati mwingine anaiongeza kwa makusudi. Rafu ya vikombe inapandishwa juu, siyo kwa uzuri, bali bega lilazimike kunyooka mara kumi kila asubuhi. Katika karakana za hospitali za vita, askari mwenye goti lililoganda aliketishwa kwenye msumeno unaoendeshwa kwa pedeli kama baiskeli. Mbao zilizokatwa zilikuwa za ziada. Kilichotafutwa ni goti.

Watu wa nje waliona mbao na vikapu tu, na kejeli ya kusuka vikapu imeifuata taaluma hii hadi leo. Haki haijatendeka, ingawa ukweli nao usemwe: kumpa mgonjwa kazi yoyote ili asizurure hakuhitaji taaluma. Nyumba za wagonjwa wa akili Ulaya na Marekani ziliwalimisha na kuwafulisha wagonjwa muda mrefu kabla ya 1917. Kwetu pia, hospitali ya Lutindi kwenye milima ya Usambara inajulikana kwa wagonjwa wake kushiriki kilimo na kazi za mikono kama sehemu ya matibabu. Jembe linakuwa tiba pale mtu anapojua kwa nini huyu kapewa jembe na yule kapewa sindano, na lini wabadilishane.

Kujua huko kuna vyombo vyake. Mwaka 1991 Wakanada walitoa kipimo kinachoanza na mazungumzo. Mgonjwa anataja shughuli zinazomshinda, anachagua hadi tano zilizo muhimu kuliko zote, kisha kila moja anaipa alama kati ya 1 na 10 mara mbili: anaifanya vizuri kiasi gani, na anaridhika nayo kiasi gani. Baada ya wiki kadhaa anaulizwa tena, na alama zikipanda kwa mbili au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko la maana. Chombo kingine, kilichobuniwa na Mmarekani Anne Fisher, hakimuulizi mgonjwa kitu. Kinamtazama akifanya kazi aliyoizoea na kupima stadi 16 za mwili na 20 za kupanga na kutekeleza: anafikiaje kitu, anakishikaje, anaanza wapi, anasita wapi, anagunduaje kosa.

Mama wa ugali alipoulizwa, shughuli ya kwanza aliyoitaja haikuwa kupika. Alisema kula. Hapa vitabu vya Ulaya havimsaidii sana mtaalamu wa Moshi au Mombasa, kwa sababu vinamshauri amzoeze mgonjwa mkono uliobaki na kusonga mbele. Mkono uliobaki ni wa kushoto. Ndio wa kujisafishia msalani, haupelekwi sahanini, wala haumpi mtu kitu wala haupokei. Mgonjwa wa namna hii anaweza kushiba jikoni peke yake na akalala njaa siku wageni wakiwapo, asiingize mkono wa kushoto kwenye sinia la pamoja. Ukifumua mkeka huu, ukindu uliokatika haumo mwilini mwake. Umo kwenye sinia.

Kuna wanaofikiri jibu ni kuushupalia mkono mgonjwa mpaka urudi, na ipo mbinu yenye ushahidi. Mtafiti Edward Taub wa Alabama, Marekani, aliona kuwa mkono uliopooza mara nyingi huachwa kutumika hata pale penye uwezo uliosalia, basi mkono mzima ukavikwa glavu nene ili ule mwingine ulazimike. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 222 wa Marekani. Waliopewa mbinu hiyo walivaa glavu sehemu kubwa ya saa walizokuwa macho kwa wiki mbili, na mikono yao ilifanya vizuri kuliko ya wenzao. Sharti lake moja linawatoa wengi: lazima mgonjwa aweze tayari kuinua kifundo cha mkono na vidole japo kidogo. Mkono uliolala kabisa hauamshwi kwa glavu.

Ustadi wa fani hii unaonekana vizuri zaidi kwenye kitu kisichofanana na hospitali kabisa: kiti cha maboksi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuketi hulazwa chali kutwa nzima, akaona dari. Kiti chake cha dukani ni ghali, na kila mtoto anataka vipimo vyake. Zimbabwe, mwalimu aliyeitwa Bevill Packer aliiendeleza teknolojia ya kujenga vifaa kwa karatasi zilizotumika, nayo ikasambaa hadi Afrika Mashariki. Katoni hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, zikagandamizwa na kukaushwa mpaka ubao wake ugonge kama mbao. Viungo hufunikwa kwa vipande vya karatasi vilivyochanwa kwa mkono. Mkasi hautumiki, kwa kuwa ukingo uliochanwa hulala na kushikana, na ule uliokatwa hubaki umeinuka.

Kipimo ndicho chenye siri. Kina cha kiti hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita chache. Kikizidi, mtoto huteleza mbele na mgongo ukapinda. Urefu wa kiti ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, nyayo zikae chini bapa. Nyonga, goti na kifundo cha mguu vyote viwe kwenye pembe ya nyuzi 90 hivi. Miguu inayokatana kama mkasi huwekewa kizuizi katikati ya magoti. Meza ya mbele ije usawa wa viwiko. Nyonga ikitulia, mgongo hupata pa kusimamia, shingo ikafuata, na mikono iliyokuwa ikipapatika ikaanza kutafuta kikombe.

Njia ya kufika kwenye kazi hii si ya siri. Nairobi kuna chuo cha KMTC, Moshi kuna KCMC, Kampala kuna Mulago. Stashahada huchukua miaka mitatu, na shirikisho la dunia la taaluma hii, lililoundwa mwaka 1952, linataka mwanafunzi afanye mazoezi ya vitendo kwa saa zisizopungua 1,000 chini ya usimamizi. Mwanafunzi husoma anatomia na saikolojia, lakini zoezi linalowatoa jasho wengi ni kuandika hatua za kufunga kifungo cha shati. Anaandika tano. Mwalimu anamrudishia karatasi. Hatua zikifika ishirini, ndipo anaanza kuona kidole gumba kinafanya nini.

Akihitimu huenda akajikuta peke yake katika wilaya nzima, asubuhi kwenye wodi ya akili, mchana akichonga kibano cha plastiki kwa mkono ulioungua, jioni kwenye bodaboda kwenda kuona choo cha mgonjwa kina kizingiti cha urefu gani. Kizingiti hicho kinaweza kumrudisha mtu kitandani, lakini si rahisi kupata fomu ya hospitali yenye nafasi ya kukiandika.

Baada ya wiki sita mama wa ugali anaulizwa alama zake upya. Kupika kumetoka 2 hadi 6: fremu ya seremala imekaa, na mkono wa kulia unaubana mshikio kwa sekunde chache kabla haujachoka. Kuvaa kumefika 7, tangu gauni lenye vifungo mgongoni lilipoachwa. Kula mbele ya watu kumebaki palepale, 3. Mtaalamu anapindua ukurasa wa jalada na kuandika mambo mawili: kijiko kinenepeshwe mpini ili mkono wa kulia ukishike, na sahani yake iwe ya peke yake. La pili analipigia mstari, kisha anaongeza kwamba kikao kijacho mumewe na mama mkwe nao waje.