Jero Isiyoshukiwa

Benki Kuu ya Tanzania ilipoingiza sarafu ya shilingi 500 kwenye mzunguko mwezi Oktoba 2014, ilieleza kwamba noti ya thamani hiyo ilikuwa ikipita mikono mingi mno na kuchakaa upesi. Sababu ya kihasibu, na ya kweli. Lakini bila kukusudia, Benki iliwapa pia wanafunzi wa kiinimacho zana ambayo wenzao wa ng'ambo hulipia fundi awatengenezee. Jero, kama tunavyoiita, ni chuma kilichovikwa nikeli: Mzee Karume upande mmoja, nyati upande wa pili, upana milimita 27.5. Na kwa kuwa ni chuma, sumaku huishika. Hoja yangu ni hii: chipukizi anayechagua sarafu yake ya kwanza ya hila, awe Singida mjini, Kiomboi au Manyoni, asianze kwa kuuliza ni hila ipi yenye ufundi mwingi. Aulize ni sarafu ipi iliyomo mfukoni mwa mtu atakayesimama mbele yake.

Mafundi wapewe haki yao kwanza, kwani kazi yao ni ya kuvua kofia. Chukua lile wanaloliita ganda. Fundi anaiweka sarafu kwenye mashine ya kukereza, anaila kwa ndani kidogo kidogo mpaka unabaki uso mmoja na ukingo wake tu, kisha anautanua ukingo huo kwa kiasi cha unywele ili sarafu nzima iingie chini yake bila kukwama wala kucheza. Zikivaana unaona moja. Zikiachana unaona mbili. Ipo ya kukunjwa, iliyokatwa vipande na kushikwa na mpira mwembamba uliofichwa ukingoni, ambayo hupita shingo ya chupa ikajikunjua ndani. Ipo ya sura mbili, shaba huku na fedha kule, na hiyo ina umri wa kushangaza: Mwingereza Reginald Scot aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1584, jinsi sarafu ya fedha inavyosagwa upande mmoja hadi iwe nyembamba na kugandishwa mgongo kwa mgongo na kisarafu cha kuhesabia. Fundi cherehani husifiwa kwa mshono wake, na seremala kwa kiungo cha meza. Fundi wa sarafu ya hila amefaulu pale tu ambapo hakuna anayejua kuwa aliigusa. Sijui ufundi mwingine unaodai unyenyekevu wa namna hiyo.

Ila ufundi huo unategemea kitu ambacho fundi hana uwezo nacho, nacho ni mazoea ya mtazamaji. Angalia kilichowapata Wamarekani. Kwa vizazi vingi wamefanya mazingaombwe yao kwa sarafu ya nusu dola, kwa sababu ina milimita 30.6, inaonekana kwa mbali na inakaa vizuri kwenye kiganja. Siku hizi nusu dola ni nadra kuiona dukani, na kijana anayeitoa mfukoni huanza onyesho lake na swali ambalo hakulitaka: umeipata wapi hiyo? Waingereza nao bado hutumia peni kubwa ya shaba iliyoondolewa mwaka 1971. Wakongwe wa sanaa hiyo watajitetea kwamba sarafu kubwa ni rahisi kushika, na hapo wana haki. Lakini mtazamaji akishaitilia sarafu shaka, vidole vyepesi kiasi gani vitamrudisha? Sasa ihamishe sarafu hiyo hadi stendi ya Misuna, hapa Singida, katikati ya wauza kuku, asali na mafuta ya alizeti. Haitakuwa sarafu tena. Itakuwa kitu kigeni, na kitu kigeni mkononi mwa mtu wa mazingaombwe ndicho cha kwanza kushukiwa uchawi.

Basi tujifunze kusoma chenji yetu wenyewe. Shilingi 50 yenye kifaru ina pembe saba. Ganda lake lingelazimika kulingana na sarafu pembe kwa pembe kila linapovalishwa, kazi ambayo chipukizi hataiweza huku akiongea. Shilingi 100 ni ya njano na 200 ni nyeupe, na mtu angetamani kuziunganisha zibadilike rangi mbele ya macho, lakini hazilingani upana. Jero ingefaa kwa ganda, isipokuwa chuma ni kigumu kukereza, ngozi yake ya nikeli ni nyembamba, na pale itakapoondolewa kutu itaingia. Zamani mambo yangekuwa mengine. Sarafu za mwaka 1966, ile senti 50 ya sungura na ile shilingi ya mwenge, zilikuwa za shaba na nikeli, madini yanayotii mashine. Ila sumaku isingezigusa. Kila kizazi cha fedha hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na mlango uliofunguliwa na jero ni huu wa sumaku.

Kisumaku chembamba, kama kile kinachopatikana ndani ya hedifoni zilizokufa, kikibandikwa kwa gundi upande mmoja wa jero, kinaifanya imeze mwenzake. Onyesha jero mbili zikiwa mbalimbali, upande wa kisumaku ukiwa umeelekezwa kwako. Zikaribiane, na zitashikana. Nje kunabaki nyuso mbili safi, na mkono mmoja umebeba kitu kinachoonekana kuwa sarafu moja. Adui yake ni ukingo, kwa hiyo ishikwe ikitazamwa uso. Adui wa pili ni mlio: chuma kikikutana na chuma kinagonga, na kugonga huko lazima kuzikwe ndani ya neno linalotamkwa wakati huohuo. (Atakayenilaumu kwa kutoa siri aelewe kwamba siri yenyewe ni robo ya kazi. Robo tatu ni lile neno.) Hakuna kilichokatwa wala kusagwa. Sheria zinalinda fedha ya nchi dhidi ya wanaoighushi au kuipunguza uzito, na chipukizi hana sababu ya kuanza safari kwa kupeleka patasi kwenye sarafu halali. Gundi hutoka kwa kucha.

Wapo watakaosema kwamba sarafu ya hila ni uvivu, na kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza kuficha sarafu ya kawaida kiganjani, miezi sita mbele ya kioo, kabla hajaruhusiwa kugusa sumaku. Pingamizi hili naliheshimu, maana lina nusu ya ukweli. Kiganja kisichofunzwa hakifiki mbali. Ila linadhani kwamba vidole ndiyo sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni macho: ya mwanafunzi, ambayo yakikaa kwenye mkono wenye siri yataivuta hadhira nzima huko, na ya mtazamaji, ambayo lazima yapelekwe kwingine kwa hiari yao. Anayehangaika na vidole hana nafasi ya kujifunza hilo. Sarafu ya hila humpunguzia mzigo mmoja ili abebe ule mzito zaidi. Tena haimwachi alale, kwani haiwezi kukabidhiwa kwa mtu aichunguze. Kila dakika anapaswa kujua ipo wapi, imeelekea wapi, na ni nani amenyoosha mkono.

Pingamizi zito ni jingine, na Singida halipuuziki. Kila mwenye genge anaijua habari ya chuma ulete, ile imani kwamba noti au sarafu inaweza kuingia kwenye droo na kutoka na mauzo ya siku nzima. Mbele ya mfanyabiashara wa namna hiyo, sarafu inayotoweka haichekeshi. Na mkoa huu una kumbukumbu nzito zaidi. Katika miaka ya 1940 Unyaturu ilikumbwa na mauaji yaliyosemwa ni ya simba, kumbe nyuma yake walikuwepo binadamu, na kesi zake zikafika mahakamani. Mwanaanthropolojia Harold Schneider alirudi kuyachambua mwaka 1962 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hila hiyo ya ngozi na makucha ya simba ilifanya kazi kwa sababu haikukiri kuwa hila. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado tunayo, inamtia hatiani hata anayejitangaza tu kuwa na nguvu za uchawi. Je, tuseme basi mazingaombwe yakae mbali na Singida? Mimi naona kinyume chake. Scot aliandika kuhusu sarafu za kusagwa ndani ya kitabu kilichowatetea watu waliokuwa wakishitakiwa uchawi: alifunua hila za mikono ili wasomaji waone ni mambo mangapi yanafanyika bila jini wala pepo. Watoto wa shule za msingi waliokaa chini darasani, kiingilio kimeshalipwa, wakimtazama mtu wa mazingaombwe, wanajifunza kitu kilekile bila kuambiwa: kwamba jicho hudanganyika, na kwamba aliyelidanganya ni mtu kama wao mwenye mikono miwili.

Ndiyo maana uchaguzi wa hila ni uchaguzi wa hadithi pia. Sarafu inayopotea moja kwa moja inafanana na chuma ulete. Sarafu inayozaa nyingine inafanana na tapeli wa stendi anayeahidi kuzidisha pesa. Inayobaki salama ni ile inayokwenda na kurudi, hesabu ikafungwa mbele ya wote: zilikuwa mbili, zikawa moja, zimekuwa mbili, na kila shilingi ipo. Ile ya kwenye chupa, kwa uzuri wake wote, hubaki imeingia humo na kumwachia mtazamaji swali la kutisha kidogo. Ningeiacha kwa mwaka wa pili. Jero ya sumaku huachana kwa msukumo wa kidole gumba.

Nayo pesa ya simu, je, haijaimaliza chenji? Haijaimaliza kwenye karanga, wala kwenye maji ya kunywa dirishani mwa basi. Onyesho likiisha, jero yenye kisumaku inarudi mfukoni mwa mwenyewe. Ile ya pili, ambayo haijawahi kufanywa kitu, inanunua karanga palepale Misuna, na muuzaji anaipokea bila hata kuitazama.