Sindano Nyembamba na Jicho la Maabara
Kifua kikuu (TB) cha tezi huleta uvimbe shingoni au kwapani, mara nyingi bila kikohozi. Kwa mtu mwenye VVU, uvimbe huo waweza pia kuwa saratani. Anayeondoa shaka ni mtaalamu wa maabara, na sifa zake hazijatajwa vya kutosha.

Sindano nyembamba huchomwa kwenye tezi na kuvuta tone, pengine usaha mzito kama maziwa ya mgando. Tone hutandazwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu, hupashwa moto mpaka litoe mvuke, huoshwa kwa asidi, kisha hutiwa buluu. Bakteria wa TB hawaachii wekundu: kwenye hadubini ni vijiti vyekundu vilivyotawanyika katika buluu. Kuvisaka, kioo baada ya kioo, ni kazi ya subira kubwa. Kinga ya mwili ikishuka sana vijiti huwa vingi, hivyo kipimo hiki cha bei nafuu humfaa hasa aliye dhaifu.

Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia mashine ya GeneXpert kwa sampuli za tezi. Ndani ya saa 2 hivi huonyesha TB na usugu dhidi ya dawa ya rifampisini. Vimelea visipoonekana, shauri haliishi hapo: hukatwa kipande cha tezi kikapimwa.