Fundi Asiyetupa Themostati

Katika fuo za Kisumu, injini ya boti ikichemka wengi wana dawa moja: fungua, toa themostati, tupa, funga. Boti inaondoka, na mwenye boti anashukuru. Mimi naiita uvivu. Namheshimu fundi wa ufuo wa Dunga anayekirudisha kidude hicho mahali pake.

Injini ya kufungwa nyuma ya boti haina rejeta. Inanyonya maji ya ziwa, inayazungusha, inayatema. Maji ya Ziwa Victoria yana joto la nyuzi 25 hivi, ilhali themostati za injini nyingi za aina hii hufunguka kuyapitisha karibu na nyuzi 50. Ukiitoa, mashine inabaki baridi kutwa nzima: petroli haiungui vizuri, plagi zinajaa masizi, na mvuvi akipunguza mwendo ili atandaze nyavu, injini inamzimikia.

Kwa hiyo fundi mwenye subira huanzia mbali. Anatazama kwanza matundu ya kunyonyea maji, maana gugumaji limeisumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990. Kisha impela ya pampu ya maji. Ndipo anapochukua spana ya kumi.

Bolti za kifuniko ni nyembamba, nazo zimeshikana na aluminiamu miaka mingi. Mwenye haraka huzikata vichwa, na kutoboa kipande kilichobaki ndani ni kazi ya siku nzima. Huyu anazitia mafuta, anakwenda kunywa chai, anarudi, anazungusha robo mbele, robo nyuma, mpaka chuma kikubali.

Themostati anaijaribu kwa sufuria. Anabana uzi kwenye mdomo wa valvu, anaining'iniza majini pamoja na kipimajoto, anawasha jiko. Nta iliyo ndani ikiyeyuka inatanuka, valvu inafunguka, nayo themostati inaanguka kutoka kwenye uzi; hapo ndipo anaposoma kipimo. (Anayengoja maji yatokote amepitwa: Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi.) Isipoanguka, anatafuta mpya.

Lakini ustadi wenyewe uko kwenye kuziba. Gasketi kuukuu haibanduki yote, na bisibisi huichubua aluminiamu, kila mchubuko ukawa mfereji wa maji. Yeye anakwangua kwa kijiti kigumu, anafuta kwa petroli, kisha anakisugua kifuniko juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo. Panapong'aa ni juu, palipofifia ni bonde. Anasugua hadi kote kung'ae. Silikoni anapaka utando tu, kwa sababu ikizidi hujiminya kuelekea ndani na kuziba njia ileile aliyokuja kuifungua. Bolti anazikaza kwa zamu, kila moja kidogo, akirudia.

“Fundi, si twende? Leo hakuna mwezi,” anasema mwenye boti. Omena huvuliwa kwa taa, na usiku wa giza ndio wa pesa.

“Omera, ngoja ikauke.”

Asubuhi injini inawashwa ndani ya pipa la maji. Fundi anaweka kiganja kichwani mwa injini, anasikia joto likipanda kisha likitulia, anapitisha kidole kwenye maungio: pakavu. Mwenye boti analipa, huku akimkumbusha kwa sauti bei ya debe la omena.