Sauti ya Mtoto Isifungwe Wala Isiachwe

Msomaji, mtoto aimbaye wimbo aliofundishwa husifiwa. Abuniye lahani yake papo hapo huambiwa amekosea. Dhuluma hii ni ndogo machoni petu, lakini huua kipawa kikubwa. Mtu hahesabiwi kuwa ajua lugha kwa kuwa amehifadhi hotuba za wenzake tu.

Carl Orff wa Ujerumani aliuona upungufu huo. Yeye na Gunild Keetman walitoa juzuu tano za muziki wa watoto kati ya mwaka 1950 na 1954. Juzuu ya kwanza hutumia sauti chache, mpaka zikatimia tano: do, re, mi, so na la. Chini yake hulia sauti nzito isiyobadilika. Fa na ti zimewekwa kando, kwa hiyo mtoto hubuni apendavyo, na sauti yake haigombani na yo yote. Hii ni hekima: hofu huondolewa kabla ya sheria kuletwa.

Lakini wako walimu wakomeao hapo, nami nawalaumu. Maji yaliyotulia humfaa ajifunzaye kuogelea, lakini bahari ina mawimbi. Katika nyimbo nyingi za gita na kinanda, fungu la do, mi na so huondoka, na mahali pake huja so, ti na re. Mtoto ang'ang'aniaye do wakati huo husikia ugomvi asioujua sababu. Orff mwenyewe hakukomea hapo. Juzuu ya tatu huwafikisha watoto kwenye mabadiliko hayo.

Njia si ngumu. Mwalimu na apige mafungu hayo mawili polepole. Watoto washike do, washuke kwenye ti mara wasikiapo badiliko, kisha warudi. Sikio likizoea, kila mtoto aongeze sauti za kwake kati ya nguzo hizo mbili. Baadaye lije fungu la fa, la na do. Akiteleza, asichekwe wala asikatizwe. Apewe zamu nyingine.

Washairi wetu wajibizanao papo hapo hawavilaumu vina na mizani, maana ndani yake hupata nguvu. Mafungu ya sauti ni mizani ya mwimbaji. Uhuru bila sikio huzaa kelele, na sikio bila uhuru huzaa kasuku. Mtoto astahili vyote viwili.