Kokoto si bustani

Ukiulizia bustani isiyo na kazi nyingi kwa nyumba ya Dodoma, mara nyingi utaambiwa hivi: ng'oa ukoka, tandika nailoni, mwaga kokoto nyeupe, chomeka kaktasi tatu, panapobaki weka tofali za pevingi. Basi, umemaliza, hakuna kumwagilia tena.

Nusu ya ushauri huo naukubali. Ukoka kiangazi unakunywa maji mengi, na mgawo wa maji unaujua mwenyewe. Shida inaanzia kwenye kokoto.

Mmea unapopoteza maji kupitia majani, unapoza hewa. Kila lita moja inayogeuka mvuke inaondoka na joto sawa na la pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa dakika 40 hivi. Kokoto na pevingi havifanyi hivyo. Vinanyonya jua mchana kutwa, halafu usiku vinatoa joto hilo, pengine chini ya dirisha la chumba unacholala.

Kuna na mvua. Dodoma hupata takribani milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwenye uwanja wa mita za mraba 100, hizo ni lita 57,000. Udongo wenye mizizi na matandazo unaweza kunywa sehemu kubwa. Nailoni na pevingi vinamsukumia jirani wa bondeni.

Tena wazo lenyewe limepotoshwa njiani. Bustani za kubana maji zilipewa jina lake maarufu Denver, Marekani, mwaka 1981, na mamlaka ya maji ya huko. Somo lao lilikuwa kuboresha udongo, kuchagua mimea inayofaa, kupunguza ukoka na kuweka matandazo. Hawakusema uondoe mimea!

Kama ndo unaanza, panda mvua zinapoanza: mishubiri, bogenvilia, na mwarobaini mmoja mbali na msingi wa nyumba. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza, mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila jioni, mizizi inabaki juu juu, na jua litaikuta hapo.

Ndiyo, majani yatadondoka na utafagia. Usiyachome tu. Hayo ndiyo matandazo yako ya msimu ujao.