Paa Lililoinuliwa

Msomaji, ukitaka kuhukumu uzuri wa jengo la shule, usisimame langoni ukitazama rangi. Ingia darasani saa nane za mchana, uketi nyuma kabisa, ufungue kitabu cha hesabu. Ikiwa jasho litatangulia jibu, jengo hilo limeshindwa, hata likiwa na vioo vya thamani kubwa.

Kwa kipimo hicho nalihukumu jengo dogo la shule ya msingi ya Gando, katika nchi ya Burkina Faso, lililokamilika mwaka 2001. Aliyelichora ni Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, naye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Matofali yake ni ya udongo wa papo hapo uliotiwa saruji kidogo. Juu ya madarasa kuna dari ya matofali yenye nafasi za kupitishia hewa. Na juu ya dari, mbali nayo, paa la mabati limeinuliwa kwa nondo za kawaida. Jua hupiga bati, lakini joto lake halimshukii mwanafunzi, maana upepo hupita katikati ukaliondoa. Nayo hewa ya moto ya darasani hupanda na kutoka. Hapana mashine, wala gharama ya umeme. Mabati ni yale yale tuliyo nayo sisi. Ila sisi aghalabu huyapigilia karibu na vichwa vyetu.

Kéré huyo huyo ndiye aliyechora chuo cha Startup Lions, kando ya Ziwa Turkana hapa Kenya, kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu yafuata mfano wa vichuguu vya mchwa: hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu. Ni kazi ya kusifiwa, na picha zake zapendeza mno. Hata hivyo naipa Gando nafasi ya kwanza. Minara ile yataka msanifu hodari. Paa la Gando fundi wa kijiji aweza kulirudia, na wanakijiji, wake kwa waume, walishiriki ujenzi wake.

Lawama yangu ni juu ya wasifuji, ambao hupenda kuliita jengo la udongo, basi. Ondoa saruji ile kidogo, ukate na ukingo mpana wa paa, kisha ungoje mvua.